Uraibu wa kufufua malori makongwe ya vita: kazi iliyofichika chini ya rangi

KILA mwanzoni mwa Juni, barabara nyembamba za eneo la Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, hurindima kwa ngurumo za injini zilizowapita umri madereva wake. Misururu ya malori ya rangi ya kijani kibichi cha jeshi, yenye nyota nyeupe mlangoni na kwenye boneti, hupita polepole kuelekea fuo ambako majeshi ya Marekani, Uingereza, Canada na washirika wao yalitua mnamo Juni 6, 1944.

Mwaka 2024, maadhimisho ya miaka 80 ya tukio hilo yalipofanyika, watazamaji walijipanga kando ya barabara kuyashangilia.

Madereva hao si wanajeshi. Ni walimu, wakulima, mafundi na wastaafu ambao hutumia wikendi zao na akiba yao kufufua magari yaliyoachwa yaliwe na kutu mashambani. Huu ni uraibu uliokita mizizi Ulaya na Marekani. Nchini Uingereza, chama kinachojulikana leo kama Military Vehicle Trust kilianzishwa 1968, na nchini Marekani, Military Vehicle Preservation Association kikaanzishwa 1976.

Watazamaji wengi huona rangi na nyota tu. Hata hivyo, wanaoujua uraibu huu husema kwamba rangi ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Lori kongwe hufufuka pale linapoweza kusimama likikanyagwa breki, kupanda mlima likiwa na mzigo na kurudi nyumbani bila kumdhuru yeyote. Kazi hiyo huhitaji subira, maarifa na uaminifu, na anayeipuuza huweza kulipa kwa maisha yake.

<b>Lori lililobeba vita</b>

Miongoni mwa malori yanayopendwa zaidi na waraibu hawa ni GMC CCKW, lililotengenezwa Marekani kuanzia 1941 hadi 1945. Zaidi ya malori 500,000 ya aina hii yaliundwa, hasa katika mji wa Pontiac, jimbo la Michigan.

Herufi za jina lake zina maana. C ya kwanza ni mwaka wa usanifu, 1941. C ya pili ni aina ya kabini, ile ya kawaida iliyo nyuma ya injini. K huonyesha kwamba magurudumu ya mbele pia huendeshwa na injini, na W kwamba lori lina ekseli mbili za nyuma, zote zikisukumwa na injini. Kwa ufupi, nguvu ya injini hufika pande zote sita, jambo linalolisaidia kujinasua matopeni.

Kipimo chake rasmi kilikuwa tani za Marekani mbili na nusu, yaani kilo 2,270 hivi, nje ya barabara. Kwenye barabara nzuri mara nyingi lilibebeshwa maradufu. Injini yake ya petroli ina silinda sita na ujazo wa lita 4.4. Kasi yake ya juu ni kama kilomita 72 kwa saa. Tangi lake la lita 151 hulifikisha umbali wa takriban kilomita 480, kumaanisha kwamba hunywa lita 31 hivi kwa kila kilomita 100.

Sifa za lori hili zilivuma kutokana na mpango wa uchukuzi uliojulikana kama Red Ball Express. Baada ya majeshi kuvunja ngome za Wajerumani huko Normandy, vikosi vya mbele vilikimbia upesi kuliko shehena za petroli, risasi na chakula. Reli za Ufaransa zilikuwa zimeharibiwa kwa mabomu. Kuanzia Agosti 25 hadi Novemba 16, 1944, malori yalipita usiku na mchana katika barabara zilizofungiwa magari ya raia, yakienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Katika kilele chake, karibu malori 6,000 yalisafirisha takriban tani 12,500 kwa siku. Hadi mpango ulipofungwa, zaidi ya tani 400,000 zilikuwa zimefikishwa.

Takriban robo tatu ya madereva wa mpango huo walikuwa Wamarekani weusi. Wakati huo jeshi la Marekani liliwatenga kwa misingi ya rangi na kuwazuia wengi wao kupigana, likiwapa kazi za uchukuzi na upakiaji. Ni mwaka 1948 tu ambapo Rais Harry Truman alitia saini amri ya kukomesha ubaguzi huo jeshini. Kwa sababu hiyo, lori la CCKW linalotembea leo hubeba pia kumbukumbu ya watu ambao kwa miaka mingi hawakutajwa sana katika hadithi za ushindi.

<b>Afrika Mashariki nayo</b>

Vita hivyo havikuwa vya Wazungu na Wamarekani pekee, na wala malori hayakuwa ya Ulaya pekee. Mapema mwaka 1941, majeshi ya Afrika Mashariki, Gold Coast (Ghana ya leo) na Afrika Kusini yaliondoka Kenya kuwafurusha Waitaliano. Yalitwaa Mogadishu Februari 25 na kuingia Addis Ababa Aprili 6. Safari hiyo ya mamia ya kilomita jangwani ilitegemea malori yaliyobeba maji, petroli na chakula.

Mengi ya magari yaliyotumiwa na majeshi ya himaya ya Uingereza yalitoka Canada, iliyotengeneza zaidi ya magari 800,000 ya kijeshi wakati wa vita. Kampuni ya Bedford ya Uingereza nayo ilitoa malori yapatayo 250,000. Jina la Bedford halihitaji maelezo kwa wasomaji wa makamo nchini Kenya, maana malori yake ya kiraia yalikuwa maarufu katika barabara za humu nchini kwa miongo kadhaa baadaye. Mwaka 1944, wanajeshi wa Afrika Mashariki walikuwa Burma wakipambana na Wajapani, na huko pia uchukuzi katika matope ya masika ulikuwa nusu ya vita.

<b>Kulikagua kabla ya kulinunua</b>

Vita vilipokwisha, maelfu ya malori yaliachwa Ulaya. Jeshi la Ufaransa liliyatumia CCKW kwa miaka mingi na kuyakarabati katika karakana zake. Mengine yaliuzwa kwa wakulima, wapasuaji mbao na wajenzi. Hiyo ndiyo sababu vipuri vya lori hili bado hupatikana kuliko vya mengine mengi ya rika lake.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Anayetafuta lori la kufufua hushauriwa alitazame kwa utaratibu kabla ya kutoa pesa.

Cha kwanza ni fremu, yaani vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu. Fremu iliyopinda au kupasuka ni gharama kubwa, na pengine lori hilo linafaa kutolewa vipuri tu. Cha pili ni bloku ya injini. Katika nchi za baridi kali, maji yaliyosahaulika ndani ya injini huganda, yakatanuka na kuipasua. Ufa huo huweza kufichwa kwa rangi mbichi.

Cha tatu ni ekseli. Malori ya CCKW yalitoka kiwandani na ekseli za aina mbili tofauti, na vipuri vya aina moja haviingii katika nyingine. Mnunuzi asiyelijua hili huweza kununua kisanduku kizima cha beringi na sili zisizomfaa.

Cha nne ni vibao vidogo vya chuma vilivyopigiliwa kwenye dashibodi. Vibao hivyo huonyesha aina ya lori, nambari yake, mpangilio wa gia na kasi inayoruhusiwa katika kila gia. Ndivyo cheti cha kuzaliwa cha lori. Siku hizi vibao vipya vya kuiga huuzwa, kwa hivyo nambari ya kibao hulinganishwa na ile iliyogongwa kwenye fremu.

<b>Kulivua na kulivika</b>

Mraibu mwenye uzoefu huanza na kamera kabla ya spana. Kila bomba, waya na boliti hupigwa picha palipo, kisha vifaa huwekwa katika mifuko iliyoandikwa majina. Kazi ya miaka mitatu haiwezi kutegemea kumbukumbu ya kichwa. Jeshi la Marekani lilichapisha mwongozo wa lori hili uitwao TM 9-801, pamoja na orodha ya vipuri iliyopewa nambari G-508, na nakala zake hutumiwa hadi leo.

Injini iliyokwama kwa kukaa miaka mingi hailazimishwi kwa kulivuta lori. Plagi hutolewa, mafuta mepesi ya kulegeza kutu yakamwagwa ndani ya silinda na kuachwa kwa siku kadhaa. Kisha injini hujaribiwa kuzungushwa kwa mkono, kidogo kidogo. Anayeivuta kwa trekta huweza kuvunja ringi za pistoni kwa dakika moja, na uharibifu huo ukamgharimu miezi.

Mfumo wa umeme wa lori hili ni wa volti 6. Waraibu wapya hulalamika kwamba injini haizunguki kwa nguvu, wakakimbilia kuweka betri ya volti 12. Mara nyingi kosa halimo katika betri. Ili kupata nguvu ileile kwa volti 6, mkondo wa umeme huwa maradufu ya ule wa volti 12, na kwa hivyo nyaya zake hazina budi kuwa nene. Aliyeunga nyaya nyembamba za gari la kisasa ndiye aliyeutia mfumo udhaifu. Nyaya nene na viungo visivyo na kutu humaliza tatizo hilo.

Breki zake huendeshwa kwa mafuta na kusaidiwa na nguvu ya mvuto wa hewa wa injini. Mfumo wote una njia moja tu ya mafuta. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote sita hupoteza breki kwa pamoja. Breki ya mkono hushika shafti iliyo nyuma ya sanduku la kugawa nguvu, na haikukusudiwa kulisimamisha lori lenye kasi. Ndiyo maana mabomba yote ya breki hubadilishwa kwa mapya hata kama yale ya zamani yaonekana mazima.

Sanduku la mizigo nalo lina historia. Mwanzoni lilikuwa la chuma. Chuma kilipohitajika kwingineko likatengenezwa kwa mbao, kisha likaja la mchanganyiko wa mbao na chuma. Kabini nayo ilikuwa ya kufungwa, kisha ikaja ya wazi yenye turubai, iliyopunguza nafasi melini. Anayelivika lori la 1942 kabini ya 1944 atakuwa na lori zuri la kutazamwa, lakini lisilosema kweli kuhusu umri wake.

<b>Hatari zilizojificha</b>

Hatari kubwa kuliko zote imo katika magurudumu. Rimu ya lori kongwe si kipande kimoja. Tairi huzuiwa na pete ya chuma inayojibana ukingoni. Pete hiyo ikiwa na kutu, ikipinda au isipokaa vyema, shinikizo la hewa huweza kuirusha kama kombora na kumuua aliye mbele yake. Mafundi wa matairi waliowahi kuhudumia malori ya zamani katika barabara kuu za Kenya wanaijua hatari hii.

Kanuni zake ni chache na hazina mjadala. Hewa yote hutolewa, na kijiti cha ndani ya valvu kikang'olewa, kabla ya pete kuguswa. Tairi hujazwa hewa likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa bomba refu linalojishika lenyewe, huku fundi akisimama kando wala si mbele. Pete iliyopinda hutupwa, hainyooshwi kwa nyundo.

Aidha, vitambaa vya breki na klachi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu miaka mingi baadaye. Vumbi la ngoma za breki halipulizwi kwa hewa. Hulowanishwa na kufutwa, fundi akiwa amevaa barakoa ifaayo. Rangi za kale nyingi zina madini ya risasi, kwa hivyo kuzikwangua bila kinga ni kujitia sumu. Mishale na nambari za mita katika baadhi ya magari ya vita zilipakwa rangi yenye radiamu ili zionekane gizani. Mita kama hizo hazifunguliwi nyumbani, wala rangi yake haikwanguliwi.

Tangi la petroli lililokaa tupu kwa miaka mingi nalo si salama. Mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka likikaribiwa na moto wa kuchomelea. Kazi hiyo huachiwa karakana yenye ujuzi wa kusafisha matangi.

<b>Matunzo ya kila siku</b>

Wengi hudhani kwamba lori likishapakwa rangi kazi imekwisha. Kinyume chake ndicho kweli. Lori linaloegeshwa miezi kumi na moja kusubiri gwaride moja huharibika upesi kuliko linalotembea. Sili hukauka, breki hushika kutu, petroli huchakaa na unyevu hukusanyika ndani ya injini. Waraibu wengi huliendesha lori lao mara kwa mara hadi injini, gia na difu zote zipate joto la kutosha. Kuiwasha injini kwa dakika tano na kuizima huongeza unyevu badala ya kuuondoa.

Petroli ya kisasa nayo imezusha tatizo jipya. Nchini Ufaransa tangu 2009, na Uingereza tangu 2021, petroli yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli imekuwa ikiuzwa vituoni. Ethanoli hunyonya maji na kulainisha mpira wa zamani. Mabomba na vikombe vya mpira ndani ya pampu hubadilishwa kwa vilivyotengenezwa kuhimili mafuta hayo, na tangi haliachwi na petroli hiyo kwa miezi mingi.

Mafuta ya breki ya kawaida pia hunyonya unyevu, ambao huozesha silinda kutoka ndani. Baadhi ya waraibu hutumia mafuta ya silikoni yasiyonyonya maji. Hata hivyo, aina hizi mbili hazichanganywi kamwe. Mfumo husafishwa wote na mipira yake kubadilishwa kabla ya kuhama kutoka aina moja hadi nyingine.

Grisi ndiyo chakula cha lori hili. Viungo vya usukani, springi na shafti vina chuchu nyingi za kupachikia bomba la grisi. Kila moja ina zamu yake katika jedwali la mwongozo. Matairi nayo huhesabiwa umri, si kashata zake pekee. Tairi lililokaa miaka 30 huweza kuwa na kashata nzima huku mpira wake ukiwa umepasuka na nyuzi zimeoza.

<b>Kuliendesha ni kujifunza upya</b>

Dereva wa gari la kisasa akikalia usukani wa CCKW hujikuta mwanafunzi. Gia zake hazina kifaa cha kulinganisha mwendo, kwa hivyo klachi hukanyagwa mara mbili katika kila badiliko. Gia ya tano ni ya mwendo wa barabara tambarare na haifai kupandia mlima. Usukani hauna msaada wowote, na umbali wa kusimama ni mrefu kuliko wa magari yanayolifuata au kulitangulia.

Kwa hivyo mraibu makini huacha nafasi kubwa mbele yake. Anaposhuka mteremko hutumia gia nzito badala ya kutegemea breki pekee, na hubeba kizima moto kabinini. Anakopitia, hufuata sheria za nchi hiyo kuhusu usajili, bima na ukaguzi wa magari makongwe.

<b>Mjadala usiokwisha</b>

Waraibu wenyewe hawakubaliani kuhusu jambo moja: lori lirudishwe kuwa jipya kama siku lilipotoka kiwandani, au lihifadhiwe na makovu yake?

Upande mmoja husema kwamba kutu ni adui na lisilotibiwa litapotea. Upande wa pili husema kwamba rangi ya zamani, nambari zilizofifia na viraka vilivyochomelewa na fundi wa jeshi ni ushahidi, na ushahidi ukishakwanguliwa haurudi tena. Kuna pia wanaopachika taa za ishara, njia ya pili ya breki au mikanda ya usalama ili lori lifae barabara za leo.

Busara imekuwa kutenganisha mambo mawili. Lililohusu usalama hufanywa bila kusita, nalo huandikwa katika daftari la lori pamoja na tarehe, na kipuri kilichoondolewa huwekwa. Lililohusu sura hufanywa kwa uchache, na baada ya kupiga picha alama zote za zamani zilizopatikana chini ya rangi.

Uaminifu huo hugusa pia nambari na nembo. Ni rahisi kulichora lori nembo ya kikosi mashuhuri ambacho halikukitumikia kamwe. Watazamaji watapiga makofi, lakini mtoto atakayeuliza ni nani aliyeliendesha atapewa jibu la uongo. Madereva wa Red Ball Express walisahauliwa kwa namna hiyohiyo: kwa hadithi zilizopambwa kwa yaliyopendeza na kuacha yaliyokuwa kweli.

<b>Maarifa yanayozeeka</b>

Nchini Kenya, mapenzi ya magari ya zilipendwa si mageni. Mashindano ya Concours d'Elegance yamekuwa yakifanyika Nairobi tangu 1970, na mbio za magari makongwe za East African Safari Classic zilianza 2003. Wenye kupendelea malori ya jeshi ni wachache zaidi, kwani lori huhitaji nafasi, jeki kubwa na mfuko wenye uwezo.

Tatizo linalowakabili waraibu wa kila nchi ni moja. Vyuma vinaweza kuchongwa upya, na mbao zikaranda upya. Anayejua kusikiliza gia na kutambua beringi ipi inalia, au kurekebisha pointi za distribyuta kwa jicho, anazeeka. Mafundi waliojifunza kazi kwa injini za kabureta wanazidi kupungua Ulaya, na pia katika gereji za mitaa ya Afrika Mashariki.

Kwa sababu hiyo, vyama vingi vya waraibu huwaita vijana gerejini kabla ya kuwaita kwenye gwaride. Hupewa bomba la grisi na kitambaa cha kufutia, wakafundishwa kuitoa hewa yote kabla ya kugusa pete ya rimu. Wakishalijua hilo, ndipo hukabidhiwa ufunguo.